Baba mdogo kashika mirathi yetu na mimi nimekata mguu kwake, je mkata undugu ni nani hapo?

*"Assalam alaykum shekhe. Baba yetu alifariki miaka sita iliyopita, akatuacha na mama, sisi watoto watatu wote wa kike na mimi ndo mkubwa. Mdogo wake baba, baba mmoja mama mmoja, ndo alochukua karatasi za nyumba na kiwanja akasema sisi bado watoto, atagawa tukishakua. Mpaka leo hajagawa kitu na kiwanja nimeskia keshauza. Siku tulipomuuliza alimtukana mama mbele za watu akasema mama ndo alomuua baba kwa maneno yake. Siku ile nikaapa, wallahi sikanyagi kwake wala siongei naye mpaka nakufa. Nikamblok yeye na wanawe wote, japo wanawe hawajanikosea kitu na bintiye mkubwa tulikuwa kama mapacha. Sasa nimeskia anaumwa figo, anasafishwa damu. Roho inanisuta. Mama kasema nikimpigia simu hana radhi na mimi. Halafu kuna mawaidha nimeyaskiliza, anasema mkata undugu haingii peponi na swala zake hazipandi, toka siku hiyo nikiswali naona najichosha tu. Je mkata undugu ni mimi au ni yeye? Nikimtafuta si ndo nimemsamehe mali ya wadogo zangu? Na kile kiapo nakifanyaje?"*

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh dada yangu. Allah amrehemu baba na amponye mgonjwa wenu. Umeuliza mambo manne kwa pumzi moja na yote yamejifunga kwenye fundo moja, kwamba unaona dini inakutaka uchague, ama undugu ama haki yenu, ama baba mdogo ama mama. Dini haijakutaka uchague hivo, nami nitajaribu kulifungua fundo hilo taratibu. Ila naanza na swala manake hiyo ndo inayokuumiza leo, hayo mengine yana miaka sita, yanaweza kusubiri kidogo.

Swali dada yangu, usiache hata moja. Hadithi uliyoiskia ni sahihi, "haingii peponi mkataji", wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Jubayr bin Mut'im (r.a.), na mkataji hapo ni mkata undugu. Sitaki kuipunguza uzito. Lakini maulamaa hawakuisoma wakaishia hapo. Imam Nawawi alipoifafanua alisema ina njia mbili, ama anakusudiwa yule anayekata na kuihalalisha, anajua ni haramu, hana sababu wala utata wowote na bado anasema ni halali, ama maana yake ni kwamba hatoingia pamoja na wale wa mwanzo, ataadhibiwa kwanza kadiri Allah atakavyo. Sasa wewe unayekosa usingizi kwa kuogopa dhambi utasemaje umeihalalisha? Na hilo la swala kutopanda, ziko riwaya zinazotaja watu waliokatana, ila maulamaa wanatofautisha kati ya swala kusihi na swala kupata thawabu yake kamili. Swala yako inasihi, hudaiwi kuirudia, na mtu akikwambia bora usiswali kwanza mpaka upatane basi kakutoa kwenye dhambi moja kakutumbukiza kwenye kubwa zaidi. Iliyo wazi kuliko zote kwenye mlango huu ni ile ya Muslim, kwamba milango ya pepo hufunguliwa Jumatatu na Alhamisi akasamehewa kila mja asiyemshirikisha Allah, isipokuwa mtu ambaye kati yake na nduguye kuna uhasama, inasemwa wacheleweshwe hawa wawili mpaka wapatane. Kwa hiyo msamaha umeshikiliwa tu, haujafutwa, na kila wiki unapewa siku mbili.

Nina ugomvi wangu mdogo na mawaidha ya dakika tano yanayozungushwa kwenye wasap, anasomewa mtu vitisho vyote halafu odio inakatika kabla haijafika anatokaje. Mtu anabaki na hofu na hofu peke yake haijawahi kupatanisha mtu na ami yake.

Sasa nani mkataji. Unataka niseme ni yeye, na kwa kiasi kikubwa ni yeye kweli. Kula mali ya watoto wa nduguye marehemu na kumsingizia mjane kuwa kaua mumewe, huko ni kukata undugu kabla hujagusa hata kitufe cha kublok. Lakini huku kwetu tumezoea kusema "yeye ndo alianza" tukaona tumemaliza, na Mtume (s.a.w.) aliifunga njia hiyo mapema. Amepokea Bukhari kutoka kwa Abdullah bin Amr kwamba muungaji undugu si yule anayelipa alichofanyiwa, muungaji ni yule ambaye undugu wake ukikatwa yeye huuunga. Ibn Hajar, mfafanuzi wa Bukhari, akapanga watu mafungu matatu hapo, yupo anayeunga hata akikatwa, yupo anayelipa sawa kwa sawa, na yupo anayekata. Huyo wa katikati hakusifiwa kwa kuunga, ila naye hajawa mkataji.

Wewe uko wapi? Nakwambia ninavyoona kutokana na ulichoandika, na wewe unajijua zaidi. Kukasirika siku ile, kuondoka, kutompokelea simu wiki zile za mwanzo, sioni tatizo, dini imempa mtu siku tatu za kununa hata kwa ugomvi wa kawaida, na huo haukuwa wa kawaida. Kujiweka mbali na mtu anayemtukana mama yako nako kuna nafasi yake, nitaigusa baadaye. Ila "mpaka nakufa" hiyo si kujikinga tena, hiyo ni kukata. Na wale watoto wake ndo pabaya zaidi kwako. Umesema mwenyewe hawajakukosea kitu. Qur'an inasema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine (6:164), na wewe umewabebesha mzigo wa baba yao miaka yote hii, halafu hilo umelipitia kwa mstari mmoja tu kama jambo dogo. Kwa baba yao una maelezo. Kwao huna.

Sehemu kubwa ya hofu yako inatokana na kudhani kuunga undugu ni kurudi kama zamani. Unaona picha ya wewe umekaa sebuleni kwake unakunywa chai unacheka huku roho inaungua. Hakuna aliyekuamrisha hivo. Nawawi kaeleza kwamba kuunga undugu ni kuwafanyia wema jamaa kulingana na hali ya anayeunga na hali ya anayeungwa, mara huwa kwa mali, mara kwa kuhudumia, mara kwa kutembelea na kutoa salamu. Na Qadhi Iyadh kasema undugu una daraja, nyingine juu ya nyingine, na ya chini kabisa ni kuacha kususa na kuzungumza hata kama ni salamu tu. Kwa mama mzazi daraja hiyo ni aibu kuitaja. Kwa mtu aliyekudhulumu na mdomo wake unaujua, hiyo inatosha kuwa mwanzo, na huenda ikabaki hapo muda mrefu, hakuna dhambi. (Wapo upande wa pili wanaodhani kutuma picha ya maua na Ijumaa karim kwenye grupu la ukoo ndo wameshaunga, huku shangazi kalazwa mwezi mzima hata simu hawajapiga. Hao nao wana kesi yao.)

Haya, mali. Hapa nakuomba unisome pole pole.

Unasema nikimtafuta si ndo nimesamehe. Hapana. Undugu ni faili lake na haki ni faili lake, na nani kakwambia ukifungua moja lazima ufunge jingine? Tena kesi yenu ilishatokea, karibu yote kama ilivyo. Baada ya vita vya Uhud alikuja mke wa Sa'd bin Rabi' kwa Mtume (s.a.w.) na mabinti wawili, akasema ewe Mtume wa Allah, hawa ni mabinti wa Sa'd, baba yao aliuawa akiwa pamoja nawe Uhud, na ami yao kachukua mali yote hakuwaachia kitu, na hawawezi kuolewa bila mali. Mjane, mabinti, baba mdogo kashika kila kitu. Mtume (s.a.w.) hakumwambia mama yule nenda kasubiri usije ukakata undugu. Alimwambia Allah atahukumu katika hilo, ikateremka aya ya mirathi, akamwita yule ami akamwambia wape mabinti wawili wa Sa'd thuluthi mbili, mpe mama yao thumni (moja ya nane), na kinachobaki ni chako. Wameipokea Tirmidhi na Abu Dawud kutoka kwa Jabir (r.a.). Kwa hiyo mwanamke kudai haki ya wanawe kwa shemeji yake hakuitwa mchochezi wala mkata undugu, alikuwa sababu ya aya kuteremka.

Ila umeona mwisho wa hadithi. Kinachobaki ni chako. Hapo kuna jambo ambalo huenda hulitaki, na nisipokwambia mimi utaambiwa na kadhi, bora uliskie hapa kwanza. Kwa sababu nyie wote watatu ni wa kike na marehemu hakuacha mtoto wa kiume, baba mdogo naye ni mrithi. Mali ikishatolewa gharama za mazishi, madeni na wasia kama upo, inagawiwa mafungu 24. Mama yenu thumni, yaani 3. Nyie mabinti thuluthi mbili, yaani 16, mnagawana sawa. Yanabaki 5, na hayo yanakwenda kwa ndugu wa marehemu wa baba na mama mmoja, na kama yuko shangazi wa baba mmoja mama mmoja naye anaingia humo, mwanaume mara mbili ya mwanamke. Hizo hesabu ni kama babu na bibi wa upande wa baba walishatangulia kabla ya baba yenu.

Maana yake ni kwamba dhulma yake ni mafungu 19 kati ya 24, na hilo ni kubwa mno, lakini yale 5 si wizi. Nimeona familia nyingi zinaenda kwenye kikao zikisema "huyu hana hata sumni humu" na mwenzao anajua kabisa ana fungu lake, basi anajiona yeye ndo anayedhulumiwa na anazidi kukaza. Mkienda mnasema baba mdogo, fungu lako tunalitambua, tunaomba letu na la mama, mazungumzo yanabadilika. Hata kama yeye hatobadilika, wazee waliokaa pale watabadilika.

Na kuhusu wadogo zako, hilo la kusamehe kwa niaba yao huna mamlaka nalo hata ukitaka. Fungu lako unaweza kusamehe, lote au nusu, leo au kesho au usisamehe kabisa, na kutosamehe mali si dhambi. Fungu la mdogo wako ni lake. Na lile neno lake la "nyie bado watoto" lilikuwa na msingi wakati ule, msimamizi wa mali ya yatima anaruhusiwa kuishika. Tatizo ni kwamba Qur'an imeweka na mwisho wake, wajaribuni mayatima mpaka wafike umri wa kuoa, mkiwaona wana busara wapeni mali zao, na mkiwapa wekeni mashahidi (4:6). Aya chache mbele ndo kuna ile inayotisha, wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao (4:10). Hiyo ni ya kumkumbusha yeye kupitia mtu anayemuheshimu, si ya kumtumia wewe kwenye simu akiwa kwenye mashine ya kusafisha damu.

Kiapo sasa, hichi kina njia nyepesi kuliko unavyofikiri. Kwanza kiapo cha kukata undugu si cha kutimizwa. Allah kasema msifanye viapo vyenu kwa jina lake kuwa kizuizi cha kutenda wema na kupatanisha watu (2:224), na Mtume (s.a.w.) akasema atakayeapa kisha akaona jingine ni bora kuliko alichoapia basi afanye lililo bora na atoe kafara ya yamini yake, hiyo iko kwa Muslim. Kafara imetajwa kwenye Suratul Maida aya ya 89, kulisha masikini 10 chakula cha wastani mnachokula nyumbani kwenu, au kuwavisha, au kuacha huru mtumwa, asiyepata ndo anafunga siku 3. Watu wengi wanakosea hapa, wanakimbilia kufunga moja kwa moja manake funga haina gharama, na funga ni ya asiyeweza hayo ya mwanzo. Kama uliapa kwa mkupuo mmoja kafara ni moja. Maulamaa wengi wanajuzisha kuitoa kabla ya kuvunja kiapo na wale wa madhehebu ya Hanafi wanasema baada, kwa hiyo ukitaka usalama zungumza naye kwanza halafu toa.

Na kwenye kiapo huko umetanguliwa na mtu mkubwa. Abu Bakr (r.a.) alikuwa anamtunza jamaa yake fukara, Mistah bin Uthatha, mama yake Mistah ni binti wa mama mkubwa au mdogo wa Abu Bakr. Ulipovuma ule uongo wa kumsingizia zinaa bibi Aisha (r.a.), bintiye Abu Bakr na mke wa Mtume (s.a.w.), Mistah akawa miongoni mwa walioueneza. Hebu fikiria, mtu unamlisha mwenyewe anamchafua binti yako. Wewe katukanwa mama, yeye alitukanwa mtoto. Abu Bakr akaapa wallahi simpi tena kitu. Ikateremka aya, wasiape wenye fadhila na wasaa miongoni mwenu kutowapa jamaa zao, wasamehe na waachilie, je hampendi Allah awasamehe? (24:22). Akasema naam, wallahi napenda Allah anisamehe, akarudisha matumizi yake. Kinachonivutia kila nikiisoma ni kwamba katika riwaya Mistah alitajwa miongoni mwa waliopigwa adhabu ya kusingizia. Sheria ilichukua mkondo wake na chakula kikaendelea kwenda nyumbani kwake, kwa hiyo lile la mafaili mawili sikulitunga mimi.

Tuje kwa mama, na hapa ndo naona kazi yako ngumu ilipo, ngumu kuliko kumpigia baba mdogo.

Kisheria jibu ni fupi. Utii kwa mzazi ni katika wema, na hana haki ya kukuamrisha ukate undugu wako na mdogo wa baba yako. Na hiyo "sina radhi" usiigeuze kuwa laana inayokufuata, Muslim amepokea kwamba dua ya mja huendelea kujibiwa maadamu haombi dhambi au kukata undugu. Lakini ukimsomea mama hadithi hiyo asubuhi mezani utakuwa umeshinda hoja na umempoteza mama. Yeye hasemi na wewe kuhusu fiqhi. Aliambiwa mbele ya watu kwamba kamuua mumewe, na kwa ninavyokusoma hakuna aliyesimama siku ile akasema huo ni uongo. Anachoogopa ni kwamba simu yako moja itakuwa sahihi ya maneno yale.

Kwa hiyo mwambie wazi ambacho hutokifanya. Mama, sitokuomba umsamehe. Sitokupeleka kwake. Sitokaa naye meza moja kucheka kama hakuna kilichotokea, na mali ya baba naendelea kuidai. Nitamjulia hali tu kwa sababu ni damu ya baba na mimi nitaulizwa. Halafu nyamaza, muache akasirike siku mbili tatu. Ufanye bila kuficha ila bila kumtangazia kila meseji. Na mjue wote wawili jambo moja linaloleta nafuu, mama yenu na shemeji yake hawana undugu wa damu, lile jukumu la kuunga rahimu lililo juu yako wewe halimkalii yeye kwa namna hiyo hiyo. Ni Muislamu mwenzake, ana haki za Muislamu, na ni mtu aliyesingiziwa anayedai. Basi. Usimburute.

Ukiniuliza uanze wapi, mtoe bintiye kwenye blok kabla ya mtu mwingine yeyote. Huyo hana kesi na wewe, na anamuuguza baba yake sasa hivi. Andika la kawaida, assalam alaykum, nimeskia baba anaumwa, nimekaa kimya muda mrefu na wewe hukunikosea kitu, nisamehe, anaendeleaje? Usiweke maelezo ya kiwanja hapo na usimfanye msuluhishi, mtoto wa mtu kumuweka kati ya babake na wewe ni kumuonea. Kaka zake ni watoto wa ami, si maharim zako, salamu kupitia dada yao inatosha. Baada ya hapo ndo mtumie baba mdogo mwenyewe odio fupi au simu ya dakika mbili. Salamu, pole, dua. Akianza matusi, mwambie baba mdogo nimekupigia kukujulia hali, Allah akupe shifaa, ukate. Hujashindwa hapo. Kuna mtu alimlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba nina jamaa nawaunga wananikata, nawafanyia wema wananifanyia ubaya, akamwambia kama uko hivo unavyosema basi ni kama unawalisha majivu ya moto, na utaendelea kuwa na msaidizi kutoka kwa Allah dhidi yao maadamu uko hivo (Muslim). Hakumwahidi kwamba watabadilika. Na wewe usimpigie ukitarajia atalia aombe radhi, wagonjwa wengine huwa wakali zaidi.

Nisije nikaeleweka vibaya na wasomaji wengine ambao kesi zao si hii. Kama jamaa ni mtu wa kupiga, au anagusa watoto, au kila ukifika anakutia kwenye madhara ya mwili au dini, kuwa mbali naye kunajuzu hata zaidi ya siku tatu. Ibn Abdil Barr alisema kususa kuzuri mara nyingi ni bora kuliko kuchanganyika kunakoudhi. Unabaki na dua na unaacha kumdhuru. Na mtoto hapelekwi likizo kwa mtu anayemdhuru kwa jina la kuunga undugu hata siku moja, hapo unapiga ripoti kwa wanaohusika na ulinzi wa watoto, ukoo watanuna watanunua.

Mwisho ni mambo ambayo mimi kwa maandishi sitoyaweza. Mirathi inataka mtu aone karatasi. Nenda na mama kwa kadhi au shekhe mwenye elimu ya mirathi, na kwa mwanasheria wa huko mliko, kwa sababu kiwanja kikishauzwa kuna mnunuzi katikati na kuna muda wa kufungua madai, na sheria za nchi zinatofautiana. Kusanyeni kila kitu mapema, nakala za hati, cheti cha kifo, majina ya waliokuwepo baba mdogo alipochukua karatasi. Nalisema hili kwa uchungu ila lazima, akitangulia mbele za haki kabla hamjamalizana, mnachomdai ni deni na deni hutolewa kwenye mali yake kabla warithi wake hawajagusa, lakini bila ushahidi mtajikuta mnagombana na yule yule binti uliyemtoa kwenye blok. Kwenye suluhu teueni wazee wawili, mmoja anayeskilizwa na yeye na mmoja anayeskilizwa na mama, na majirani waacheni nje kabisa, ndugu wakigombana wao walishaambiwa wachukue jembe wakalime. Na ukiona hofu ya swala haikuachi hata baada ya haya, hulali wala huli, usijifungie na hilo, kaa na shekhe unayemuamini ana kwa ana na umuone daktari pia.

Ukienda kwa kadhi muulize na hili, babu na bibi mzaa baba walikuwa hai siku baba anafariki? Hukunitajia. Kama bibi alikuwa hai anachukua sudusi (moja ya sita), mafungu 4, na baba mdogo anabakiwa na 1 tu pamoja na shangazi kama yupo. Na kama babu ndo alikuwa hai, basi baba mdogo hana fungu kabisa, lile linalobaki ni la babu, na hesabu yote niliyokuandikia hapo juu inaanza upya.